Hukusahau Suichi, Jairo

Ndugu yangu Jairo,

Leo ni Jumapili. Ibada imekwisha, na mvua imewafungia watu ndani hapa laini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Nimekaa kitandani, sanduku la vifaa liko magotini liwe meza, na ninakuandikia. Najua hutasoma. Nimejiambia hivyo mpaka nimechoka, na mkono bado unataka kuandika.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine mimi na wewe. Kigusii chetu ulikuwa unakicheka, ukisema kinapanda mlima bila kupumzika. Kijaluo chenu mimi nilijua salamu na matusi tu, na vyote viwili umenifundisha wewe. Lakini kwa Kiswahili tuligombana, tukasameheana, ukanifundisha kazi ya stima tangu nilipokuwa naogopa hata kushika balbu. Nikikuota, unaongea Kiswahili.

Kiwanda kinaendelea. Majani yanaingia kila asubuhi migongoni mwa watu, dainamo inanguruma, mashine za kusaga zinazunguka kama vile hakuna mtu aliyeondoka. Mahali pako ameletwa fundi kutoka Kisumu. Ni mtu mpole, hana kosa lolote. Ila anapiga mluzi akifanya kazi, wimbo uleule uliokuwa unaupiga wewe, na nikiusikia natoka nje, nasimama kwenye majani ya chai mpaka amalize. Amenichukulia kuwa mtu wa ajabu. Sijamweleza.

Nataka nikuambie yaliyotokea tangu ile siku. Nitayasema kwa utaratibu, kama ulivyopenda mambo yaelezwe, kuanzia kwenye dainamo mpaka kwenye taa. Nikiyarukaruka nitalia, na karatasi ninazo hizi chache tu.

Unakumbuka siku ya kwanza yule mzee Mzungu alipotuita? Sisi sote tulimwita Mzee wa Darubini. Alikuwa mpima ardhi zamani, aliyepima vilima hivi kabla chai haijapandwa, na alipozeeka akapewa ile nyumba ya pembeni ya shamba, yenye stima kutoka kiwandani kwetu. Alikuja amevua kofia, akasema kwa Kiswahili chake cha kizungu, "Fundi, mashini yangu nakufa." Tulidhani ni jiko. Kumbe ni lile bomba nene kama mgomba, limelala juu ya nguzo ya chuma ndani ya kibanda cha mabati, paa lake linasukumwa pembeni kama mlango.

Wewe hukuuliza kwanza imeharibika wapi. Uliuliza kwa nini darubini iwe na mota. Mzee alifurahi mpaka akakaa chini. Akatuambia kwamba dunia inazunguka, ndiyo sababu nyota hukimbia kwenye kioo, na mota ile ndogo huizungusha darubini taratibu upande wa pili ili nyota isitoroke. Njia nzima ya kurudi ulikuwa unacheka peke yako. "Zakayo," uliniambia, "kumbe tunazungushwa siku zote na hatuambiwi!"

Na ile jioni, jua limetua sasa hivi tu, alipokuonyesha nyota ya magharibi. Ulitazama muda mrefu, mdomo wazi. Ulipofika nyumbani ukamwambia Persila mkeo kwamba nyota ile si duara, imekatwa kama mwezi mchanga. Persila alinisimulia baadaye: "Nilimnusa mdomo, shemeji. Nilidhani amepitia kwa pombe."

Hiyo ndiyo ilikuwa furaha. Kisha tukaanza kuujua ule ugonjwa wa mashine.

Darubini ilikuwa inasimama. Si kila mara. Ikitazama juu, mota ilikwenda vizuri. Ikitazama mashariki, vizuri. Lakini ikigeuka kuelekea magharibi, mota ilikohoa, ikasimama, na mara nyingine fyuzi ilikatika. Tulisafisha brashi za mota. Tukabadilisha fyuzi. Tukakaza skrubu zote zilizoshika waya, na ikapona, na Mzee akatupa chai na biskuti. Baada ya siku chache ikarudia. Ulikasirika kama mtu aliyetukanwa. "Kosa linalokaa, nalipenda," ulisema. "Hili linalokuja na kuondoka linanichezea."

Tena kulikuwa na jambo jingine. Siku moja ya mvua ulishika ile nguzo ukauvuta mkono haraka. Ulisema ni kama siafu wametambaa kwenye kiganja. Nikashika mimi, sikusikia kitu. Ukanitazama kwa namna ile yako ya kutazama mtu bila kumwona, fikira ziko mahali pengine.

Tangu hapo uliweka sheria. Suichi ya darubini ilikuwa kwenye ukuta wa veranda ya nyumba, na kibanda kiko chini ya bustani, nyuma ya ua wa misonobari. Aliye kibandani haoni suichi, na aliye kwenye suichi haoni kibanda. Kwa hiyo mmoja asimame verandani, mwingine awe kibandani, na tuitane. "Washa!" "Imewaka!" "Zima!" "Imezimwa!" Hukugusa waya hata mara moja kabla hujasikia jibu langu. Hata moja, Jairo. Nililisema jambo hili kwa kila mtu baadaye, na nilikuwa kama mtu anayeongea chini ya maji.

Ile siku yenyewe, asubuhi, mimi nilitumwa Kipkelion na lori kupokea vyuma vya mashine vilivyokuja na treni. Ulinisindikiza mpaka getini. Ulikuwa na kikombe mkononi. Uliniambia, "Ukirudi mapema, twende kwa Mzee. Nadhani najua pa kutazama." Nikasema sawa. Sikugeuka kukutazama tena, maana nani hugeuka kumtazama mtu atakayemwona jioni?

Treni ilichelewa. Njiani mvua ya mawe ikatushika, tukangoja chini ya miti. Tulipofika getini arap Koech, mlinzi, alisimama mbele ya lori mikono ameinua. Hakuniambia kwanza jina lako. Alisema, "Zakayo, shuka. Usiende kiwandani. Nenda huko kwa Pwana mzee." Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Jairo ameanguka." Nikauliza, ameanguka kutoka wapi? Akafuta uso kwa koti lake. Hapo nikajua.

Nilikukuta kibandani, umefunikwa na blanketi la kitanda cha Mzee mwenyewe. Paa lilikuwa wazi na sakafu ya saruji imelowa. Magoti ya suruali yako yalikuwa yamelowa pia. Kwenye kiganja cha mkono wa kulia palikuwa na alama ndogo nyeusi, ndogo sana, mtu angesema ni grisi. Niliifuta kwa kidole changu. Haikutoka.

Mzee alikuwa amekaa nje kwenye matope, bila kofia, mvua inampiga kichwani. Nilimhurumia. Nilidhani analia tu kama mimi.

Kesho yake meneja alitusimamisha mbele ya kiwanda, akasema kwa sauti ya juu kwamba fundi alisahau kuzima suichi, na hilo liwe fundisho kwa kila mtu. Maneno machache hivyo, kisha tukaambiwa turudi kazini. Jairo, sijui kama wafu huona haya. Mimi niliona haya kwa ajili yako, halafu nikaona hasira, halafu, nikuambie ukweli, nikaanza kuogopa. Labda ulisahau kweli. Labda ulichoka. Watu husahau.

Tulikupeleka kwenu kando ya ziwa kwa lori lile lile. Persila alikataa kukaa mbele na dereva. Alikaa nyuma pamoja na wewe, na mimba yake kubwa, ameshika jeneza kwa mkono mmoja kila barabara iliporusha gari, kama mama anayezuia mtoto asidondoke kitandani. Hakulia njia nzima. Alilia tulipoingia boma lenu na kumwona mama yako.

Sitakuambia mengi juu ya mazishi. Walikuja watu wengi. Waliimba vizuri. Lakini maneno pia yalikuwa mengi. Wapo waliosema umekufa kwa sababu ulichungulia mbingu kwa jicho la kizungu. Wapo walionong'ona kwamba Persila ana mguu mbaya, wa kuleta mikosi, kwamba tangu umwoe hukukaa nyumbani. Na wengine walisema yale ya meneja, kwa sababu dereva aliyasimulia. Alisahau kuzima. Fundi mzima, alisahau.

Mama yako, Mama Dorka, aliyasikia yote. Jioni, watu wakiwa wamepungua, aliniita nyuma ya nyumba. Unajua Kiswahili chake ni kidogo, cha sokoni. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanikaza kweli.

"Jairo amesahau?" aliniuliza. "Huyu alikuwa anarudi kutoka barabarani kuangalia moto wa jikoni kama umezimika. Huyu? Wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa Kipkelion.

Akasema, "Rudi, utazame. Kama amesahau, uje uniambie mimi. Mimi ni mama yake, nitabeba. Lakini uniambie wewe, si dereva."

Nilirudi na maneno hayo kichwani, na sikupata mlango wa kuingilia. Kibanda kilifungwa kwa kufuli. Nilimwendea Mzee nikamwomba ufunguo, akasema hapana bila kunitazama, akafunga mlango wa nyumba. Nilirudi tena. Alitokeza dirishani, akatikisa kichwa. Nikafikiri anaomboleza kwa njia yao. Wiki zikapita. Persila alibaki kwa mama yako. Nyumba yenu hapa laini wakapewa watu wengine. Niliokota vyombo vyenu nikavifunga kwenye mkeka.

Halafu, siku ambayo sikuitegemea, meneja akaniita akaniambia darubini imeuzwa, mnunuzi ataipokea stesheni ya Londiani, mimi niifungue vipande na kuipakia kwenye masanduku. Akanipa ufunguo mkononi kama anayenipa ufagio.

Nilikwenda asubuhi. Kwanza nilipanda nguzoni nikautoa waya unaoleta stima kwa Mzee, ili pasiwe na chochote kinachoweza kuuma. Kisha nikafungua kufuli.

Hakuna aliyeingia tangu ile siku. Hata blanketi lilikuwa sakafuni, limeota ukungu. Nikasimama mlangoni. Halafu nikaona kitu chini ya nguzo ya darubini: kitambaa chako cha bluu, kimetandazwa, na juu yake skrubu zimepangwa mstari, kubwa mpaka ndogo, kama unavyopanga siku zote. Nikainama. Zilikuwa za kile kifuniko cha pembeni ya nguzo, pale waya unapotoka kwenye nguzo iliyosimama na kuingia kwenye sehemu inayozunguka. Kifuniko hicho hatukuwahi kukifungua. Ulikuwa umekifungua wewe. Kwa hiyo hapo ndipo ulipodhani pa kutazama.

Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti. Nilipomaliza nikachukua betri na kile kibalbu cha tochi tulichotengeneza pamoja cha kupimia. Ncha moja nikaifunga kwenye mwanzo wa waya, nyingine kwenye chuma cha nguzo. Kama waya ni mzima, balbu haiwezi kuwaka, maana mpira unautenga na chuma. Darubini niliikuta imelala magharibi; niliiinua kwanza itazame juu, balbu ikakaa giza. Nikaisukuma kwa mkono kuelekea mashariki. Giza. Nikaanza kuisukuma magharibi, taratibu, taratibu, na mimi naomba Mungu, bila kujua naomba nini. Ilipokaribia kulala upande wa kule ziwani, balbu ikapepesa. Nikasukuma kidogo. Ikawaka.

Nikairudisha, balbu ikazima. Nikaisukuma tena, ikawaka. Jairo, nililiita jina lako mle kibandani.

Nikauvuta waya wote nje kupitia tundu la nguzo. Juu ya tundu ni mzima kama umetoka dukani leo. Chini ya tundu ni mzima vilevile. Lakini pale katikati, mahali pafupi kama kiungo cha kidole, uzi wa juu umekwisha, mpira umelika kama umetafunwa na panya, na shaba inang'aa upande mmoja. Waliotengeneza ile nguzo huko kwao walitoboa tundu na hawakuupiga tupa ukingo wake. Ni mkali mpaka leo, umenikata. Kila jioni darubini ilipozunguka, waya ulivutwa juu ya ukingo ule, kidogo, kidogo, miaka. Na hawakuuachia nafasi ya kulegea. Darubini ilipokwenda magharibi, waya ulikazika kama kamba ya mbuzi. Ndipo shaba ikagusa chuma, na chuma chote cha darubini kikawa na stima ndani yake. Kwenye sakafu kavu, mtu amevaa viatu, ni siafu tu kiganjani. Kwenye sakafu ya maji, mtu amepiga magoti...

Nimelazimika kuacha kalamu kidogo. Naendelea.

Nilikaa na ule waya mkononi, nikawaza kama ulivyonifundisha, hatua baada ya hatua. Darubini niliikuta imelala magharibi. Darubini hiyo haifiki magharibi yenyewe bila mota, na wewe hukuwa unaisukuma, kwa sababu ulikuwa umepiga magoti kwenye kifuniko, chini. Kwa hiyo mota ilikuwa inaizungusha ili uone waya unavyotembea. Kwa hiyo suichi ilikuwa imewashwa kwa makusudi. Na suichi iko verandani, nyuma ya misonobari. Na kwa sheria yako, lazima mtu abaki kwenye suichi wewe ukiwa umeinama huku.

Basi nani alikuwa kwenye suichi?

Nilipoinua uso Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda. Sijui alikuwepo tangu lini. Alikuwa amekonda sana, shati limemning'inia. Aliutazama waya, akanitazama mimi.

"Mimi," alisema.

Nikauweka waya sakafuni.

"Mimi nawasha. Wewe hapana iko, Jairo nasema Bwana saidia, simama kwa suichi. Yeye nasema washa, mimi nawasha." Alinyosha kidole kuelekea verandani. "Halafu nasikia yeye naita, 'Nimeipata!' Mimi nafurahi. Mimi nasema mzuri, mzuri sana. Halafu hapana sikia kitu tena."

Nikamuuliza kwa nini hakuzima.

"Mimi nangoja," alisema. "Mimi nangoja yeye naita zima."

Jairo, nilitaka kumpiga. Nilikuwa na koleo mkononi na nilisimama. Alikuwa mzee, amesimama tu, hakurudi nyuma, na nadhani angefurahi kama ningempiga. Nikamwambia, "Meneja alisema alisahau. Mke wake amesikia hivyo. Mama yake amesikia hivyo. Wewe ulikuwa unajua."

Akasema meneja alimwambia anyamaze, kwamba maneno yatakuwa mengi, kwamba aliyekufa amekufa. Akasema, "Mimi naogopa."

"Utamwambia mama yake," nilimwambia. "Kwa mdomo wako."

Nilidhani atakataa. Kesho yake alfajiri alikuwa nje ya laini na gari lake dogo, amevaa koti jeusi, injini inawaka.

Hatukuongea njiani. Tulipofika, Mama Dorka alikuwa anaanua dagaa. Alimtazama yule Mzungu akishuka, akanitazama mimi na kipande cha waya mkononi, akafuta mikono kwenye nguo. Hakumpa salamu. Alimwonyesha kigoda. Yeye akakaa chini, na Persila akakaa kati yao ili atafsiri, tumbo limejaa mapajani.

Mimi nilianza. Nilimpa Mama ule waya, nikamwonyesha mahali palipolika. Alipapapasa kwa kidole gumba, polepole, kama anayepapasa jeraha la mtoto. Kisha Mzee akasema yake. Aliyasema yote, hata ya kunyamaza, hata ya kuogopa. Persila alitafsiri mpaka alipofika kwenye lile la kungoja, sauti ikamkatika. Alijaribu tena. Akaniomba nimsaidie, nami Kijaluo sina. Ikabidi aanze upya. Alilitafsiri.

Mama alinirudishia ule waya. Halafu akauliza jambo moja tu. Persila akanigeuzia: "Anauliza, alipoita 'Nimeipata,' ilikuwa sauti ya furaha au ya hofu?"

Mzee akasema, "Furaha. Kama mtoto."

Mama Dorka aliinuka. Alikwenda kwenye kaburi lako, akasimama huko akituonyesha mgongo. Tulimsikia anaongea na wewe. Persila hakunitafsiria, na sikuuliza. Nadhani unajua alichosema.

Aliporudi hakumpa Mzee mkono. Wala hakusema amemsamehe, na mtu yeyote asikudanganye kwamba alisema. Alimwambia Persila, "Mpe maji. Safari yake ni ndefu." Mzee alikipokea kikombe kwa mikono yote miwili na nusu ya maji ikamwagikia koti lake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mzee ameondoka Kericho, wanasema amekwenda kufia kwao. Darubini iko Londiani au imeshapita, na ule ukingo niliupiga tupa mpaka ukawa laini kama mdomo wa kikombe, na waya mpya niliuvisha mpira mwingine juu na kuuachia nafasi. Sikuambiwa nifanye hivyo. Nilifikiri juu ya mtu atakayeishika huko iendako, ambaye hajui lolote.

Meneja hajalibadilisha neno lake. Lakini Jumapili moja baada ya ibada nilisimama mbele ya watu wa laini, Wajaluo, Wagusii, na wale wachache Wakipsigis wanaosali nasi, nikainua ule waya juu, nikawaeleza. Mwanzoni sauti ilikuwa ndogo. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Sema, ndugu, tunasikia," nikaendelea. Tangu siku hiyo hapa hakuna anayesema ulisahau. Wale wa kwenu walionong'ona juu ya Persila nao wamenyamaza, maana Mama Dorka amewaambia kwamba atakayesema tena aje aseme mbele yake.

Na sasa habari niliyoiweka mwisho kwa sababu naogopa kuiandika. Persila amejifungua. Ni msichana. Wamemwita Achola, kama mnavyowaita ninyi watoto wanaozaliwa baba amekwisha kuondoka. Nilikwenda kumwona. Nilipewa nimshike, nikamshika vibaya, Persila akanirekebisha mikono. Ana paji lako la uso. Alinikunjia uso kama ulivyokuwa unaikunjia mota iliyokataa, nikacheka, kisha nikalazimika kumrudisha kwa mama yake haraka nikatoka nje.

Sijui niseme nini zaidi. Kuna jioni nyota ile ya magharibi inatokeza juu ya miti ya kiwanda na najikuta nimeinua mkono nikuonyeshe. Kuna siku natatua tatizo la waya na nageuka kusema "Jairo, njoo uone," na anakuja yule fundi wa Kisumu, mtu wa watu, na namwonyesha yeye.

Pumzika, ndugu yangu. Kazi uliyoianza pale chini ya kifuniko ulikwisha kuimaliza, na mimi ni shahidi. Mvua zikipungua nitashuka kwenu kuezeka upya nyumba ya mama yako, upande wa kusini unavuja, na nimekwisha kukata nyasi. Nakuahidi mbele ya Mungu kwamba maadamu mikono hii inafanya kazi, mama yako hatalala palipolowa, na Achola hatasikia habari za baba yake kutoka kwa mtu asiyekujua.

Mama ameniambia nikija nisibishe hodi. Niingie tu.

Mimi wako,
Zakayo